Kitabu Kwenye Kitanda cha Majani

Mimi ni mwoga. Nyoka hanisumbui, na makaburini napita bila wasiwasi. Ninachoogopa ni kuulizwa. Mtu akiniita kwa sauti ya juu, mapigo ya moyo yananienda mbio kabla sijajua nimekosa nini.

Miaka hiyo nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha chai, sehemu ya kunyausha majani, huku nikisoma shahada ya fizikia kwa masafa. Somo lililonitoa jasho lilikuwa la nyota. Kusomea nyota Tukuyu ni kichekesho, maana anga letu ni mawingu tu. Nilikuwa na atlasi ya anga niliyoitoa nakala, nyota zote ni madoa meusi kwenye karatasi nyeupe, na mara moja mawingu yalipofunguka nilisimama uani nisitambue hata kundi moja. Nilizifahamu nyota kwa namba zake: uzito, joto, mng'ao. Namba hizo zilikuwa kwenye kitabu kimoja kikubwa cha rejea, na kwenye simu majedwali yake yalikuwa yanakatika katikati.

Kitabu hicho kilikuwa kwenye maktaba ya chuo, Mbeya, nakala moja tu, na kilibandikwa karatasi inayosema hakitoki nje. Nilikuwa nimeshafeli mtihani huo mara moja. Mama wa maktaba alinitazama nikinakili majedwali kwa mkono mpaka saa ya kufunga, akanionea huruma. Akaandika kwenye daftari kwamba kitabu kimechukuliwa na yeye mwenyewe.

"Wiki mbili, mwanangu," alisema. "Kikipotea au kikiharibika, mimi ndiye wa kujibu. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Usiniponze."

Ningemrudishia palepale kama ningekuwa na akili. Nilikibeba kama mtu aliyebeba mayai. Hata hivyo mvua ya kwetu haikuniacha: niliposhuka basi Makandana ilikuwa inamwagika, na mfuko wa plastiki ulikuwa na tundu ambalo sikuliona. Nilipofika nyumbani nusu ya kitabu ilikuwa imelowa. Karatasi zake zilikuwa zile laini zinazong'aa, na kurasa zilikuwa zimeanza kushikana. Nilijaribu kutenganisha mbili, ukurasa ukaacha ngozi yake kwa mwenzake. Nikaacha.

Mama yangu alisema nikiweke darini juu ya moto wa jikoni, pamoja na mahindi. Nilipofikiria moshi nikakataa. Nikafikiria kazini.

Anayenyausha majani ya chai Rungwe anajua siri hii. Majani mabichi hulazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, na feni kubwa hupuliza upepo kutoka chini, mkavu, wenye uvuguvugu, saa baada ya saa. Katika mji ambao nguo inaanikwa siku tatu na bado ina unyevu, upepo ule ni neema. Sote tulikuwa tumeshalaza kitu pale kwa kujificha: soksi, sweta la mtoto, hata cheti cha ubatizo. Uongozi ulikataza, kwa sababu chai inakwenda kunywewa na watu. Aliyekamatwa alifukuzwa siku hiyohiyo.

Asubuhi nilikilaza kitabu pembeni mwa kitanda cha mwisho, nimekifungua katikati, na juu nikatandaza tabaka jembamba la majani. Kila nilipopita nilipenyeza kidole. Kufika saa nne kurasa zilikuwa zinaachana zenyewe. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Halafu nikaitwa mizani kupokea majani ya wakulima. Magari yalikuwa mengi, sikuweza kutoka. Niliporudi, kitanda cha mwisho kilikuwa kitupu.

Sijui nisemeje jinsi nilivyoogopa. Majani yote yalikuwa yamesukumwa kwenye mkanda, na mkanda unaelekea kwenye mashine ya kukatia, yenye meno yanayosaga jani kuwa chembe. Akilini nilimwona mama wa maktaba ameitwa ofisini na daftari lake. Kulikuwa na kitufe chekundu ukutani, hatua tano kutoka nilipokuwa. Kukibonyeza ni kusimamisha kiwanda kizima, na kusimamisha kiwanda ni kuulizwa. Nilisimama. Namaanisha hivyo hasa: nilisimama, na kitabu kinakwenda.

Aliyebonyeza ni mama mmoja wa Mpuguso aliyekuwa akikaa kwenye mkanda kuchambua vijiti na mawe. Alikuwa kibarua kama mimi, miaka mingi zaidi yangu. Mashine zikanyamaza. Aliinua kitabu kutoka kwenye majani, akakipangusa kwa aproni, akageuka, macho yetu yakakutana. Nadhani uso wangu ulimwambia yote.

Msimamizi alikuja anakimbia. "Hiki cha nani?"

Akakichukua, akakiinua juu kila mtu akione.

"Nauliza, cha nani?"

"Changu," alisema yule mama.

Msimamizi alikifungua, akaona michoro na fomula, akacheka. "Wewe? Haya, nisomee hapa."

"Miwani sina, baba. Lakini changu. Nimekosa, nisamehe."

Watu wengine walicheka pia. Hakuna aliyeamini, naye msimamizi hakuamini. Alitaka tu jina la kuandika. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Yule mama akarudishiwa kitabu, akaambiwa avue aproni, aende. Alipopita karibu yangu, msimamizi ameshageuka, alinipa kitabu mkononi bila kusimama.

Niliendelea na zamu. Kitabu kilikauka vizuri, kikabaki na mkunjo na harufu ya majani. Mama wa maktaba alikinusa akaniuliza kama nilikuwa nakisomea kwenye chai. Nikacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mtihani nilifaulu. Sasa ninafundisha fizikia, na wanafunzi huniambia nazijua nyota kwa kichwa.

Ilinichukua miaka mitatu kwenda Mpuguso. Nilimkuta yule mama uani kwake anapukuchua maharage. Alinikaribisha kigoda, akaniletea maparachichi, akaniuliza habari za nyumbani kama vile tuliachana jana. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima yalinitoka yamevurugika. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha kwa sababu siku ile sikusema.

"Siku ile usingeweza," alisema. "Nilikuona. Ulikuwa umekauka kama jani. Ndiyo maana nikasema mimi, ili upate nafasi ya kuvuta pumzi."

Akatupa maganda pembeni.

"Nikajua kesho yake utakwenda ofisini useme. Niliamka mapema nikaoga, nikavaa nguo za kazi, nikakaa hapahapa nikisubiri waje kuniita. Na keshokutwa yake pia."

Hakusema kwa hasira. Aliniuliza kama sitakula parachichi. Nililishika mkononi, nikaanza kulimenya, na sikumwinulia macho.