Vidole Vinane vya Fundi Yohana

Nakumbuka asubuhi moja ya Juni, mwanangu, na tangu uliponipigia simu jana imenirudia yote. Ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye milima ya Matogoro, na karakana yetu ya serikali ilinukia unga wa mbao za mninga. Harufu ile ninaitamani hadi leo. Tulikuwa tukitengeneza madawati ya shule. Mimi nilikuwa ofisa usalama, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi.

Mkuu wetu akaniita. Serikali ilikuwa inabana matumizi na nafasi zinapunguzwa, na karakana nzima ilijua. Akaniuliza, "Mwaka mzima hajaumia mtu hapa. Sasa wewe kazi yako hasa ni ipi?"

Nikatoka bila kujitetea. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Ruhuwiko, na mama yako alikuwa na mimba yako. Woga ukanipa akili mbaya.

Kila asubuhi niliukagua msumeno mkubwa kabla haujawashwa, nikikaza nati za kinga inayozuia mkono usiguse meno yake. Fundi Yohana, aliyeuendesha, mtu wa umri wa baba yangu mdogo, aliniomba mara nyingi, "Kijana, nionyeshe na mimi. Siku ukiugua je?" Tangu siku ile mkuu aliponiita, nikawa namjibu kwamba hiyo ni kazi ya kusomea. Niliona wakijua wenyewe, mimi sitahitajika tena.

Wiki iliyofuata nikatumwa Namtumbo kwa siku mbili. Siku ya pili kinga ikalegea, na Fundi Yohana akapoteza vidole viwili.

Hapa nisikilize vizuri, maana hata mama yako nilichelewa kumwambia. Nilipopewa habari, kabla sijamhurumia yule mzee, nilihisi nafuu. Sasa wataona ninahitajika.

Nikaenda hospitali.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji, kisha akanitazama mimi. "Haya, kijana. Kazi yako imepona?"

Nililia pale pale. Akaniacha nilie, halafu akasema, "Machozi hayakazi nati. Nikirudi, utanifundisha."

Aliporudi nikamfundisha, yeye na wenzake wote. Ikawa nati ikilegea, hata mkuu asimame pale, msumeno hauwashwi. Na nafasi yangu ikapunguzwa vilevile. Nililima mahindi Hanga kwa mjomba misimu miwili kabla sijapata kazi nyingine.

Juzi nilikutana na fundi sokoni, mzee sana sasa, anatembea polepole. Akaninyooshea mikono yote miwili mbele ya muuza dagaa. "Ofisa! Vinane vinakusalimia. Tangu unifundishe hakijapungua hata kimoja!"

Sasa wewe nawe, ofisa usalama kama nilivyokuwa mimi, ofisini kwenu unaulizwa swali lile lile. Usinyamaze kama mimi. Andika kila hatari uliyoizuia, kwa maneno ambayo hata mhasibu ataelewa, uyapeleke mezani kwao kabla hawajakuita. Kuitetea nafasi yako si aibu. Ila usiitetee kwa kuwaficha watu kile kinachowalinda. Na siku ukijikuta unasubiri ajali ije ikusemee, inuka hapo ulipo, nenda kwenye mashine, umfundishe mtu.

Mungu ailinde kazi yako, mwanangu. Na kama itaondoka, uliowafundisha wabaki na vidole vyao vyote kumi.