Mmea Tuliousingizia Ugeni

Miaka ile gugu maji la kigeni lilipofunika ziwa, mama aliamini kila mmea msumbufu umetoka ng'ambo. Kwa hiyo mmea mmoja unaotambaa ulipoanza kuparamia miti nyuma ya nyumba yetu mtaani Pasiansi, karibu na ziwa, hakuuliza mtu. "Huu nao ni mgeni!" alisema, akaufyeka kwa panga huku akiugombeza kama mtu.

Baba alikuwa bwana miti. Alifanya kazi kwenye misitu ya milimani mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi, akarudi nyumbani na buti zake. Siku hiyo alimwacha mama achoke kwanza, ndipo akamwambia kwamba mmea ule ni mwenyeji kuliko sisi sote. Kule milimani aliuona kila siku, mwembamba na mpole, umejikalia kivulini chini ya miti mikubwa. Wapasua mbao walipoiangusha ile miti, jua likaingia, na mmea uleule ukapanda kwa pupa, ukaifunika miche hata ikashindwa kukua.

"Haujabadilika tabia, mama watoto. Umefunguliwa mlango tu."

Mama akageuka kukitazama kisiki cha mti wetu mkubwa, uliokuwa ukitia kivuli pale nyuma hadi alipoukatisha. Mbao za mti huo ndizo zilizojenga kibanda chake cha duka, biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa na kila nyumba mtaani ikafungua chake. Alikipenda kibanda kile kuliko kitu chochote nyumbani.

Akaweka panga chini, akauinamia mmea kidogo.

"Shikamoo," akasema.

Baba akaitikia kwa niaba ya mmea: "Marahaba."