Mume wangu na risasi za uani

Leo nusura mume wangu akamatwe, na mponzaji ni mdomo wangu!

Dukani jirani aliniuliza yuko wapi. Nikamjibu, "Yuko uani anatengeneza risasi."

Jamani, nilimaanisha anayeyusha risasi, yale madini, ya kutengenezea chubwi za kuzamishia mshipi! Kila chubwi anaivalisha kikofia alichokata kwenye kopo la soda, isikwaruze mshipi.

Sijamaliza kuosha dagaa, mwenyekiti wa mtaa huyo mlangoni, na mgambo wawili nyuma yake.

"Mama Zuhura, silaha ziko wapi?"

Nikapaza sauti kuita uani. Mume wangu akatoka na chubwi mkononi.

"Shikamoo mwenyekiti. Hizi za kuvulia samaki changu kule Msimbati."

Mwenyekiti akaigeuzageuza, akacheka hadi machozi.

Sasa wote watatu wako uani wanamsaidia kukata makopo ya vikofia, nami nawachemshia chai waliokuja kutukamata.

Nyie mngewapa na vitumbua?