Sambusa za Tanuri za Bi Zuweina wa Mgogoni

Saa mbili za asubuhi, na ua wa nyumba ya Bi Zuweina binti Thabit, hapa Mgogoni, kisiwani Pemba, unanukia jibini inayoiva. Mwenyewe amepiga magoti mbele ya tanuri la udongo, kanga ameifunga kichwani, mkononi ana koleo. Anainua kifuniko kilichopaliwa makaa, anachungulia, anakirudisha.

"Bado kidogo," anamwambia mwandishi bila kugeuka. "Wewe kaa. Mwenye haraka na akale muhogo."

Mwandishi anakaa. Zinapotoka, ni sambusa za pembe tatu kama nyingine zote, ila manda zake ni za kijani na ukizishika vidole havishiki mafuta. Ndani mna mchicha, kitunguu, pilipili manga na jibini ya kufanya nyumbani. Mwandishi alikula tano, na haya hakuona.

Bi Zuweina, mjane wa miaka thelathini na minne, anaoka masinia mawili kila siku isipokuwa Ijumaa. Sambusa moja ni senti tano, na ikifika adhuhuri masinia yote meupe. Lakini mwanzoni mwa mwaka huu wa 1938, majirani zake hawa hawa walikuwa wakipita uani kwake wakicheka. Walizibandika jina: sambusa za wagonjwa.

Jina lenyewe halikuwa la uongo. Mama yake, Bi Radhiya, mwenye miaka sitini na kidogo, alishikwa na maumivu ya nyongo miaka miwili iliyopita, na daktari wa Chake Chake akampigia marufuku kila kilichokaangwa.

"Ikaja Ramadhani," anasimulia Bi Zuweina. "Watu wanafuturu, yeye anazitazama sambusa. Mara namwona machozi yanamtiririka. Mama yangu kazika mume na watoto wawili, sikumwona akilia mbele za watu. Leo analia kwa sambusa! Nikacheka, kisha nikalia na mimi."

Kesho yake akaanza kujaribu. Jibini alifundishwa na Fatemabai, mke wa Saifuddin mwenye duka la vitambaa Chake Chake: chemsha maziwa, kamulia ndimu, funga kwenye kitambaa, gandamiza kwa jiwe usiku kucha. Tanuri alilirithi kwa bibi yake aliyekuwa akioka mikate ya mofa, ile ya mtama inayobandikwa ukutani mwa tanuri.

Basi naye, kwa mazoea ya mofa, akazibandika sambusa zake kwenye ukuta wa tanuri. Jibini yote ikaangukia majivuni. "Paka wa Mgogoni walikula Idi siku ile," anasema.

Akahamia kwenye sinia juu ya mafiga matatu, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Hapo adui akawa maji ya mchicha. Manda zililowa zikawa uji. Mwisho akachukua kifumbu, kile kifuko kilichosukwa cha kukamulia nazi, akautia mchicha uliochemshwa akaukamua mpaka tone la mwisho. Sambusa zikatoka kavu. Bi Radhiya alikula nne na usiku ule akalala kama mtoto.

Ingekuwa hadithi imeishia hapo, mwandishi asingefunga safari. Kulikuwa na jambo zito zaidi.

Mwaka jana palikuwa na harusi Mtambile, nyumbani kwa Bi Umkulthum, dada mkubwa wa Bi Radhiya. Kwa watu hawa, kukaa kwenye sinia la harusi usinyoshe mkono ni tusi kwa mwenye shughuli. Bi Radhiya alikaa saa mbili nzima na gilasi ya maji. Kila kilicholetwa kilikuwa kimekaangwa au kinaogelea katika samli, na haya zilimzuia kuutangaza ugonjwa wake mbele ya wageni.

Bi Umkulthum akaja akasimama mbele yake. "Radhiya, chakula changu kina nini? Nimekutilia sumu?"

Ukumbi mzima ulisikia. Tangu siku ile ndugu hao wawili hawakukanyagiana mlango, hata siku ya Idi. Zuweina alikwenda kueleza habari ya nyongo, akajibiwa kuwa mgonjwa hukaa kwake.

"Mama alikonda," anasema. "Na si kwa nyongo. Kwa dada yake."

Mwaka huu ikatangazwa harusi ya Khairiya, binti wa mwisho wa Bi Umkulthum. Zuweina akapiga moyo konde, akaenda Mtambile.

"Mama mkubwa, shikamoo. Nimekuja kuomba sambusa za harusi niziandae mimi. Za kuoka. Wageni wote wazile hizo hizo, na mama ale nao sinia moja."

"Marahaba. Sambusa zisizoona mafuta, harusini kwangu? Watu waseme samli imenishinda?"

"Daktari kamkataza mama mafuta, mama mkubwa. Hakumkataza harusi."

Bi Umkulthum akahesabu wageni wake kwa vidole. Kisha akasema, "Lete mia tatu. Lakini zikirudi kwenye masinia, mimi na nyumba yenu tumemalizana. Na mamako asije tena hapa."

Siku ya harusi, jua halijapanda, Zuweina alikwisha kuufyeka mchicha wa shambani kwake wote, akauchemsha, akaukamua, akaujaza kwenye beseni. Maji ya kijani yalibaki kwenye bakuli kubwa, kando yake kifumbu. Akaingia ndani kuoga.

Wifi yake Siti alikuwa amekuja kusaidia. Hodari wa jiko huyo, hakuna anayembishia. Aliona kifumbu, akaona bakuli limejaa, akaona beseni la vilivyokamuliwa. Mwanamke gani wa Pemba asiyejua kuwa kinachopita kwenye kifumbu ndicho kinachowekwa, na kinachobaki ni cha kuku? Siti akalifunika bakuli kwa kawa, vizuri kabisa, inzi asiguse. Beseni akalimwaga uani. Kuku hawakungoja kuitwa.

"Wifi, mchicha uko wapi?" aliuliza Zuweina alipotoka.

"Tui lake nimelifunika, wifi. Makapi nimewapa kuku."

Zuweina alikaa chini, pale pale vumbini. "Mchicha wa shamba zima kwa kuku," anasema. "Nikainua macho, nikamwona mama mlangoni. Kashajitia wanja, kashavaa buibui jipya. Kaona kila kitu. Kageuka ndani kwenda kulivua. Wallahi, hapo ndipo nilipopata miguu."

Alitoka mbio mpaka njiani, akapiga ukelele. "Enyi majirani! Nisaidieni mchicha! Mchicha, jamani, mama yangu anaumbuka leo!"

Mgogoni hakuna nyumba isiyo na mchicha nyuma ya choo cha kuogea, pale maji yanapotiririkia. Wakaja wale wale waliokuwa wakicheka, kanga zimejaa majani, umande haujakauka. Walichemsha wao, wakakamua wao, na mmoja akasimama juu ya beseni na ufagio kuwalinda kuku.

Hata hivyo mchicha ulikuwa nusu ya ule wa kwanza. Jibini ipo, unga upo, sambusa zitakuwa na matumbo matupu. Zuweina akalitazama lile bakuli lililofunikwa kwa heshima zote. Unga ulikuwa bado haujakandwa.

"Siti, kanda kwa hayo maji."

"Haya ya kijani, wifi?"

"Hayo hayo. Mchicha usipotosha ndani, utaonekana nje."

Siti alikanda huku analia. "Nikamwambia, wifi, punguza machozi, chumvi itazidi," anasema Zuweina, na mpaka leo akifika hapo anashika mbavu.

Kwa gari la kukodi, masinia sita yalifika Mtambile baada ya alasiri, na Bi Radhiya amekaa katikati yake, buibui jipya mwilini. Yalipotua ukumbini, wanawake walitazamana. Kijani! Mmoja aliuliza kama zimevunda. Mkono haukwenda hata mmoja.

Mlangoni alikuwa amesimama Bi Umkulthum, mikono kiunoni.

Bi Radhiya akasema "Bismillahi," akanyosha mkono mbele ya watu wote. Akala moja, akaimaliza. Akachukua ya pili.

Mama wa bibi harusi hali mpaka wageni washibe, ndiyo ada. Bi Umkulthum aliivunja. Alipita katikati ya wageni, akasema "Nipisheni," akakaa kwenye sinia la mdogo wake. Alichukua sambusa, akaimega, akala kipande kimoja polepole. Kipande cha pili akamtia Bi Radhiya mdomoni kwa mkono wake.

"Kula, ndugu yangu," alisema. "Kumbe ulikuwa hunikatai mimi."

Vigelegele vilipasua ukumbi. Masinia yote sita yalirudi matupu, na waliochelewa walilalamika mpaka magharibi. Ikabidi Siti aape mara tatu kuwa hakuficha nyingine garini. Tangu siku hiyo Bi Zuweina hakandi unga kwa maji mengine, na jina la sambusa za wagonjwa limekufa, hakuna aliyelizika.

Alipoulizwa sasa anataka nini, Bi Zuweina alijibu akiwa anapangusa masizi mkononi.

"Tanuri la pili. Na nalijenga Mtambile, uani kwa mama mkubwa. Kaniita mwenyewe, kanionesha kiwanja karibu na mlango wa jikoni. Mafundi wamemaliza juzi, linakauka. Sharti lake ni moja tu: sinia la kwanza la kila Jumatatu lisiguswe mpaka mama afike, waanze kula wao wawili. Mama asipokwenda, mama mkubwa anasema atakuja kumchukua kwa mkono wake."

Ndani ya nyumba, sauti ya Bi Radhiya inasikika, kwa mara ya tatu asubuhi hii.

"Zuweina! Hilo tanuri halijakauka tu?"