Mshale Unaposema Mbili

Mwalimu Fransiska alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha. Ulikuwa uchovu wa miaka mingi ya kufundisha fizikia bila vifaa, katika shule ya kata kule Kisongo, ambako vumbi huingia hata kwenye kabati lililofungwa. Mwisho wa mwaka angestaafu na kurudi kwao Kibosho. Kabla ya hapo alitaka jambo moja tu: darasa lake lipime kitu kwa mikono yao wenyewe, waandike walichokiona. Hata mara moja.

Kwani hadi hapo walikuwa wakipika majibu. Voltimita za shule zilikuwa mbovu, na zile alizowahi kuziunda mwenyewe zilikuwa na ulafi: ukiziunganisha kwenye saketi zinajinywea umeme, mshale unasoma pungufu. Sasa mtoto wa watu afeli kwa sababu ya chombo? Mwalimu akawafundisha kwamba mshale ukipingana na kitabu, wafuate kitabu. Walifaulu, wazazi wakashukuru, na kila mwaka nafsi ikamsuta.

Safari hii aliamua kuziunda upya. Kwa Lerionka, fundi redio wa mtaa wa Sakina, alipata mita ndogo za redio kaseti zilizokufa, zile ambazo mshale wake huruka muziki ukipanda. Kila moja akaiunganishia rizista kubwa, kile kipande cha kuzuia umeme, ili umeme unaopita ndani ya mita uwe kidogo mno na saketi isihisi kama inapimwa. Likizo nzima ikaishia kwenye moshi wa kuchomea waya. Wanakwaya wenzake walidhani anaumwa. Macho yalimwuma kweli, na mgongo ndiyo usiseme.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi: rizista mbili za ohm mia mia, zimefuatana kwenye betri za volti sita, pima volti za kila moja. Kila kundi alilipangia rizista moja kutoka sanduku la shule na nyingine kutoka mfuko alioununua kwa Lerionka. Alizipanga nyumbani, chini ya taa hafifu, na hapohapo akaandika karatasi yake ya majibu: tatu na tatu.

Kidato cha tatu wakaingia, wakaunganisha, wakainamia mita, wakaandika. Tatu na tatu, makundi yote. Akasahihisha vema, vema, hadi karatasi ya mwisho. Alifurahi. Alikuwa amesahau furaha ya kazi hii ilivyo.

Walipotoka, Nkasiogi, kiongozi wa darasa, alibaki kumsaidia kukusanya vifaa. Saketi moja ilikuwa bado haijafunguliwa. Mwalimu akavaa miwani, akagusisha nyaya, naye afaidi kazi ya mikono yake. Mshale ukasimama kwenye mbili. Upande wa pili, nne.

Akachukua mita nyingine: mbili, nne. Ya tatu, yale yale. Akajiambia kuwa likizo yake imekwenda na maji. Ndipo akazisogeza rizista dirishani. Ya shule ilianza na mstari wa kahawia, rangi ya moja: ohm mia. Ya Lerionka ilianza na mwekundu, rangi ya mbili, na mfuko mzima ulikuwa hivyo: ohm mia mbili. Usiku ule, kwa macho yale, kahawia na nyekundu zilikuwa rangi moja. Rizista kubwa mara mbili huchukua volti mara mbili. Mita zake zilikuwa zimesema kweli tangu asubuhi.

Akaketi kwenye stuli. Akamwuliza Nkasiogi, kwenye kundi lao mshale ulisimama wapi.

"Kwenye mbili, mwalimu. Na nne kwa ile nyingine."

"Mbona mmeandika tatu?"

Nkasiogi akamtazama kwa mshangao wa adabu. "Si ulitufundisha, mwalimu? Mshale ukipingana na kitabu, tufuate kitabu."

Fransiska alikuwa ameunda mita za kweli bila kumwambia hata mtu mmoja aziamini, na yeye mwenyewe alikuwa ameandika majibu kabla ya kupima. Hasira ilimjia, akakosa wa kumtupia. Akachana karatasi yake ya majibu, akasema kesho darasa zima litarudia.

"Sawa, mwalimu," Nkasiogi akasema, akachukua kalamu. "Kesho tuandike ngapi?"