Sahihi ya Mtu Mzima

Jumanne, nikiwa kwenye foleni ofisini kwa chifu, mtaani Umoja, mama mmoja aliingia na mwanawe wa miaka arobaini hivi, mwenye ulemavu wa akili, kutafuta barua ya kuombea kitambulisho. Tukawapisha mbele, na karani akamuuliza mama, "Anaitwa nani?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nimemsindikiza tu."

Yule bwana akataja majina yake matatu, polepole. Karani akamsogezea fomu na wino apige kidole gumba.

"Hapana. Mimi naandika. Tunafundishwa kwa programu ya kanisa."

Aliandika herufi moja moja, ulimi nje, na hakuna aliyeguna. Karani alisimama, akampa mkono. "Karibu tena, mzee."

Mama alijifuta macho. Zamu yangu ilipofika, mimi niliyezoea kukoroga sahihi isiyosomeka, niliandika jina langu lote.