Sabato Alikuwa na Mimba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nalala nayo na kuamka nayo. Ni asubuhi, nimesimama kwenye banda la kuchinjia pale senta yetu ya Nyanungu, na Ryoba mchinjaji amepasua tumbo la ng'ombe wangu Sabato. Ryoba akiwa kazini hanyamazi, humtania kila anayepita. Lakini hapo aliacha utani. Akaweka kisu chini, akaingiza mikono yote miwili, akatoa mfuko mkubwa unaong'aa, umejaa maji, na ndani yake kitu kimekunja miguu kama mtoto aliyelala kwenye baridi.

"Mura," akamwambia shemeji yangu Chacha, kama wanaume wa kwetu wanavyoitana, "umeniletea ng'ombe wa namna gani huyu?"

Chacha akatazama pembeni. Mimi nilitazama. Mfuko ukapasuka, maji yakamwagika, na ndama akateleza juu ya majani ya mgomba. Alikuwa mrefu kama mkono wangu. Mwilini hakuwa na manyoya bado, ila yalikuwa yameanza midomoni na juu ya macho. Na kope, mwanangu! Kope zake zilikuwa zimeota mojamoja, kama kuna mtu alikaa akazishona. Kwato zilikuwa laini, za njano, ukizigusa zinabonyea. Ngozi yake nyeusi, na kwenye paji la uso baka jeupe.

Nilisahau kulia. Nilijiuliza ni nani aliyekuwa mle gizani akizipanga hizi kope, bila taa, bila haraka, wakati sisi huku nje tunabishana kama yupo au hayupo. Nilijiona kama mtu aliyefungua mlango wa chumba ambacho hakupaswa kuingia.

Sasa nirudi nyuma nikueleze tulifikaje pale. Majina nitayataja, maana wenye majina wapo hai na wanakula vizuri.

Sabato nilipewa na mama mkwe nilipoolewa. Aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa siku ya ibada, watu wametoka kanisani wakamkuta amesimama. Maziwa ya nyumba ile yalikuwa ni yeye. Watoto wa boma zima walikunywa kwake, na mtindi wa wageni ulitoka kwake. Sasa ng'ombe unajua, usipompandisha akazaa tena, maziwa yanapungua mpaka yanakatika. Mume wangu Mwita akasema safari hii hataki madume yetu madogo ya hapa, anataka ndama wa wale wakubwa wa maziwa. Akamwita Mseti kutoka Nyamisangura, mjini Tarime. Huyu Mseti alikuwa anapita vijijini na pikipiki, nyuma amefunga mtungi wa baridi wenye mbegu za madume. Tulimwita daktari. Alisoma wapi mimi sijui.

Siku hiyo ya kwanza nitamsifu, maana kweli ni kweli. Alivaa glovu ndefu mpaka begani, akaingiza mkono, akapitisha mrija taratibu, mimi nimeshika mkia. Akamaliza, akacheka: "Haya mama, hongera. Mkwe wenu ametoka mbali, ila mahari hajaja nayo hata mbuzi."

Tulicheka wote. Mwita akarudi zake machimboni alikofanya kazi.

Miezi ikaenda. Asubuhi moja nakamua, nimeegemeza kichwa ubavuni kwa Sabato kama kawaida yangu, kitu kikanigonga kwenye paji la uso. Kimetoka ndani. Nikaacha chuchu. Nikatulia, nikaweka kiganja. Kikagonga tena, polepole, kama mtu anayeuliza kuna nani huko nje. Mwanangu, nilikaa pale kwenye samadi, kiganja bado ubavuni kwake. Nilikuwa nimeolewa miaka, sijashika mimba hata moja, na huyu mnyama ananigusisha kile ambacho mwili wangu ulikuwa umekikataa. Sikumwambia mtu siku hiyo. Niliona kama ni maneno tumeambiana mimi na yeye tu.

Haukupita muda, Sabato akaanza kulia na kupanda wenzake malishoni, kama ng'ombe anayetaka dume. Chacha, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye alikuwa msemaji wa boma Mwita akiwa hayupo. Na Chacha alikuwa anatafuta pesa ya kununua pikipiki. Jioni akatangaza: mbegu hazikushika, ng'ombe amekuwa wa hasara, auzwe kwa Ryoba.

Nikasema mbele ya wote, "Shemeji, ana mimba. Nimemsikia ndama akicheza."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe mimba umeijulia wapi, shemeji? Kwenye redio?"

Watu wakacheka. Akaona kicheko kimenoga, akaongeza: "Boma hili lina tasa wawili. Afadhali mmoja ana nyama."

Mama mkwe alikuwa amekaa pale anapeta ulezi. Hakuinua uso.

Nililia, lakini sikuacha. Nikaomba aitwe Mseti, angalau apime. Akaitwa. Akaja, hakuzima hata pikipiki. Akaegemea ua, simu mkononi, glovu imekunjwa bado kwenye mkoba. Huyu na Chacha walitahiriwa msimu mmoja, na unajua kwetu watu wa rika moja hawaumbuani mbele ya wanawake. Chacha akasema, "Ng'ombe huyu amerudi kudai dume," na Mseti akajibu hapohapo, "Basi hana kitu. Peleka bucha."

"Daktari," nikamwambia, "shikamoo yangu umeipokea, pokea na hili. Ingiza mkono kama siku ile. Mkia nashika mimi."

"Mama, mimi nimesomea kazi hii. Wewe uliishia la ngapi?"

Niliishia la nne. Alijua. Akageuza pikipiki, na Chacha akaona suala limekwisha. Nikampigia Mwita simu, akaniambia fuata anachosema kaka. Mwita naye namtaja, ingawa ndiye baba wa watoto wangu niliojaliwa baadaye.

Ndiyo tukafika pale kwenye majani ya mgomba.

Sijui nani alimwita mama mkwe. Nilimwona tu anakuja na watu wanampisha. Akamwangalia ndama kwa muda mrefu. Akafungua kitenge cha juu alichojifunga, akamfunika, akachomekea pembeni kama anavyolazwa mtoto. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Huyu alikuwa anakuja nyumbani," alisema. Basi. Chacha, mtu mzima yule, akageuka akaondoka.

Ndama tulimzika mimi na mama mkwe nyuma ya ghala lake. Watu walituona kama tumechanganyikiwa, tangu lini ndama anazikwa? Tukiwa tunafukia, akanishika mkono wenye udongo. "Ulisema," akaniambia, "na mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Usijifunze kwangu. Siku nyingine ukijua jambo lisemee, hata kama anayekuzuia ni mimi." Aliyasema bila kulia, na mimi nikamwogopa na kumpenda kwa pamoja. Nyama ya Sabato haikuliwa kwetu.

Baadaye bwana mifugo mwingine alinieleza jambo ambalo Mseti alipaswa kulijua kuliko sisi wote: wapo ng'ombe wanaolia na kupanda wenzao huku mimba wanayo. Ndiyo maana hawapimwi kwa macho. Na lile baka jeupe, ile ngozi nyeusi, vilikuwa vya dume lake mwenyewe, lile la mtungini. Kazi ya mkono wake ilikuwa imefanikiwa, na akaipeleka machinjioni kwa mdomo wake.

Mwanangu, wewe unayeanza kufuga, shika hili. Ukimpandisha ng'ombe wako, tarehe ibaki kichwani mwako, usimwachie mtu mwingine aikumbuke. Akilia tena usikimbilie kumpandisha upya wala kumuuza. Ita mtu, na huyo mtu asihukumu akiwa nje ya ua. Aingie, avae, apime, na wewe uwe umesimama hapo. Akikuuliza umesoma mpaka la ngapi, mwambie kwanza apime, ya shule mtaongea baadaye. Na nyumbani kwako msikilize anayekamua. Anayelaza kichwa ubavuni mwa mnyama kila asubuhi anasikia mambo ambayo mwenye fimbo hayasikii. Lile linaloumbwa mle ndani si letu, tumeazimwa tu kulisubiri, kwa hiyo lisubiri kwa heshima.

Mungu akufungulie zizi. Ng'ombe wako wazae wakiwa wamesimama, watoto wako wanywe mpaka waache povu midomoni, na lisikukute lililonikuta mimi.

Lakini hilo langu sijalifunga. Mseti bado anapita huku na mtungi wake, vijana wanamwita daktari. Chacha sasa anakaa na wazee kusuluhisha kesi za watu. Wote wawili hawajawahi kunitamkia neno hata moja kuhusu siku ile. Sitaki fidia, sitaki ng'ombe. Nataka waje waketi mbele yangu na mbele ya watu waliocheka siku ile, waseme kwa midomo yao nani alisema hakuna kitu, na kwa nini alisema bila kupima. Mama mkwe amekufa akiwasubiri. Mimi bado nipo, na nyumba yangu wanaijua.